Kiwanja cha D. Kobelo

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Nimepata wazo! Yustina akinisikia nikisema hivyo huwa anakwenda kuhesabu vyombo vyake. Mke gani huyu.

Tangu kiwanda kiuzwe na sisi makarani tupunguzwe, sijakaa bure. Nilifuga kuku. Wakafa. Nikaingia kwenye mitumba. Nikauziwa robota la makoti ya baridi, Morogoro hii, mwezi wa Januari. Nikauza barafu. Umeme ukakatika wiki nzima. Hata mara moja kosa halikuwa langu.

Safari hii ni tofauti. Kinyozi ameniambia kuna mama wa Kizungu amefikia Mazimbu, anaitwa Mama Karin, shirika lake linajenga viwanja vya michezo kwa watoto wa mitaa maskini. Bembea, mitelezo, kila kitu. Anachotafuta ni mtaa tu.

Mtaa tunao! Umaskini tunao! Watoto ndio usiseme. Na mahali tunapo: pale lilipokuwa duka la ushirika, ambapo sasa ni magugu na takataka. Watoto wanachezea kando ya barabara, na malori ya mkaa yanashuka kama yanafukuzwa. Juzi mtoto wa jirani yetu Mariamu alivunjika mkono akifuata mpira. Diana wangu alikuwa naye. Ana miaka sita, na kwa kawaida hanyamazi hata akilala. Siku ile alirudi nyumbani, akaingia chini ya meza, akakaa huko bila neno mpaka chakula kikaiva. Sikupenda kuona vile. Sikupenda kabisa.

Kwa hiyo kiwanja kitajengwa. Jambo la kwanza linalohitajika ni mwenyekiti. Nimejiteua.

Jumatatu, 5 Agosti

Kibao kimekuja. Mungu anipe subira.

Nilimwambia mchoraji aandike: KIWANJA CHA WATOTO, MLEZI NA MWENYEKITI D. KOBELO. Nikamsisitizia kwamba jina lisomeke kutoka barabarani. Linasomeka. Nadhani linasomeka hata kule juu Uluguru, ukungu ukiondoka. Lakini limekula ubao wote, na maneno yaliyopata nafasi ni haya tu: KIWANJA CHA D. KOBELO.

Nikamuuliza watoto wako wapi. Akasema watoto hawakuenea. Akasema ubao ulikuwa mdogo na mimi ndiye niliyeuleta. (Ulikuwa mlango wa banda la kuku.) Nimekisimika hivyo hivyo, mfadhili hawezi kusubiri.

Nikiwa bado nashindilia udongo, akapita Mwinshehe, mwenye kibanda cha video. Huyu ndiye adui wa maendeleo wa mtaa huu. Anawafungia watoto wetu gizani mchana kutwa wakitazama Wachina wanavyopigana mateke. Alisimama, akasoma, akacheka mpaka akashikilia kibao changu asianguke. Akauliza kama siku hizi nauza viwanja, na yeye nimkatie kimoja cha kona.

Nilimjibu jibu moja zito sana. Kwa bahati mbaya alikuwa ameshafika kwake.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeitisha mkutano wa wananchi asubuhi. Sikukumbuka kwamba leo ni Nane Nane. Mji mzima umekwenda kwenye maonyesho kutazama ng'ombe wa watu. Waliobaki, Mwinshehe akawatangazia picha ya bure. Bure! Mtu ambaye hajawahi kutoa hata chumvi!

Waliohudhuria: mimi, mbuzi, na Mwalimu Shadia. Mwalimu Shadia ni mstaafu, amefundisha nusu ya mtaa, nikiwemo mimi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kwenye tofali, akasema niendelee. Nikamsomea hotuba yangu yote. Nilipofika kwenye muundo wa kamati ndogo, akainua mkono.

"Dominiko, magugu atafyeka nani?"

Nikamwambia hilo ni suala la utekelezaji, litakuja baada ya katiba. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia darasa la tatu nikisimama mbele ya ramani nisijue Kilosa ilipo.

Mchana nami nikaenda Nane Nane kutafuta wafadhili. Nimepata kofia ya kampuni ya mbolea. Niliporudi jioni, magugu hayapo! Takataka zimechomwa, ardhi imefagiliwa ikabaki na mistari ya ufagio. Mwalimu Shadia alipita nyumba kwa nyumba, kina mama wakatoka na majembe, Yustina akiwa mbele.

Hakuna hata mmoja aliyeomba kibali cha mwenyekiti.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku kubwa! Mambo mawili.

Kwanza, nimekwenda Mazimbu kwa baiskeli na nimeonana na Mama Karin. Mama mpole, ana miwani, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha mchoraji wangu. Atakuja Jumatano. Anasema anapenda kuona kwanza wananchi wamefanya nini wenyewe. Nikamwambia tumefanya mengi.

Pili, na hili ndilo zito zaidi: tumepata mwekezaji! Nilikuwa nimesimama kiwanjani napangusa kibao, akaja kijana mmoja amevaa miwani ya jua, anaitwa Jackson. Amesoma kibao, kisha akanitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu nitoke kiwandani. Akauliza kama D. Kobelo ndiye mimi. Ndiye. Akauliza kama kiwanja ni changu. Sasa mtu aseme nini? Nikasema naam, wazo ni langu, kila kitu hapa ni changu.

Akasema ana mtu wake, tajiri wa Dar, anatafuta mahali kama hapa hapa pa kuwekeza. "Mzee, hapa pana dili," ndivyo alivyosema. Nikamwonyesha pembe zote. Nikamwambia aje tu, aweke anachotaka, mtaa utafurahi. Akaninunulia soda. Tukapeana mikono.

Nimemweleza Yustina. Akauliza tajiri wa Dar anataka bembea ya nini. Nikamwambia hajui uchumi wa soko huria. Akasema kwamba anaujua, robota la makoti bado liko chini ya kitanda chake.

Jumatatu, 12 Agosti

Maandalizi. Mama Karin anataka kuona tumefanya nini. Basi nimejenga mtelezo. Nimejenga mwenyewe, kwa mikono hii! Nguzo za mikaratusi, ngazi, na bati safi kutoka juu mpaka chini. Nimeujaribu asubuhi kukiwa bado na ubaridi. Nilishuka kama mfalme.

Mchana Yustina akaja kiwanjani na mwiko mkononi.

"Baba Diana, paa la jiko langu liko wapi?"

Nikamwambia maendeleo yanahitaji kujitolea. Akauliza kwa nini anayejitolea ni jiko lake tu. Muda huo huo milima ikatuletea manyunyu, Agosti, manyunyu! Tumekula ugali wenye maji.

Nikaona pia kuna tatizo la sura. Mfadhili anakuja kutazama umaskini, na watoto wa mtaa huu mama zao wanawasugua kupita kiasi. Nikapita nyumba kwa nyumba kutoa maelekezo: Jumatano watoto waje na nguo chakavu, wasipakwe mafuta, wasichanwe nywele. Mwenye kamasi asipenge.

Mariamu amenifungia mlango. Mwingine amenimwagia maji ya dagaa karibu kabisa na kiatu. Mwalimu Shadia alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Dominiko, rudia ulichosema," na nilipojaribu kurudia, nikajikuta naaga.

Watu hawa hawaelewi mikakati.

Jumatano, 14 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi. Maelezo yanafuata.

Mama Karin amefika jua likiwa utosini. Nimevaa suti ya harusi yangu. Nikageuka kumwonyesha watoto wetu fukara. Wamekuja wamepigwa pasi! Soksi nyeupe! Mabinti wamesukwa nywele, wana utepe. Wavulana wamevaa kanzu na kofia za Idi, wengine mashati ya kipaimara ya kaka zao. Wanang'aa kwa mafuta. Mtoto wa Mariamu, mkono wake uko kwenye plasta, na plasta yenyewe imefungwa leso safi yenye maua. Kina mama wamesimama nyuma yao wamevaa doti mpya, wananitazama mimi, si mgeni.

Na Diana wangu yuko mbele kabisa, amevaa gauni la Krismasi, amemshika Mwalimu Shadia mkono.

Mama Karin akasalimia kila mtoto. Akasema wanapendeza sana. Nikaona mradi unaniponyoka. Nikasema kwa sauti kwamba sasa mwenyekiti atafanya uzinduzi wa mtelezo, nikapanda ngazi, nikakaa.

Bati. La jikoni. Jua la saa saba.

Sitaki kueleza. Nitasema tu kwamba sauti niliyotoa imewatoa watu kwenye kibanda cha Mwinshehe katikati ya picha, na kwamba suruali ya harusi ilibaki juu, kipande chake, pale palipokuwa na msumari. Watoto walicheka mpaka utepe ukafunguka. Diana peke yake alikimbia, akanipulizia, akauliza kama nimeungua.

Mama Karin amenipa pole na dawa ya kupaka. Akasema ukweli ni kwamba shirika lake lina mitaa yenye hali ngumu kuliko huu, na bajeti ni ndogo. Amesema kiwanja kilivyofyekwa kimemgusa, akina mama hawa hawahitaji mtu wa kuwaanzishia. Akaagana nao mmoja mmoja. Kisha gari likaondoka na bembea zangu zote.

Nimemlaumu Yustina. Nikamwambia kwamba wametuharibia. Amenipaka dawa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mwanangu hawezi kupambwa uchafu ili apewe bembea," akasema. "Akose."

Ijumaa, 16 Agosti

Leo nimeweza kukaa, upande mmoja.

Asubuhi nimesikia mngurumo. Lori limeingia kiwanjani, limemwaga mawe, limeondoka. Nimefurahi sana! Mwekezaji! Nikatoka nikichechemea kumwambia kila mtu kwamba Kobelo hashindwi, Mzungu akiondoka Mswahili anaingia.

Kisha wakaja mafundi na kamba. Wakapigilia vigingi. Nikawauliza bembea zitakuwa upande gani. Wakatazamana. Mmoja akasema hapa linajengwa ghala la mitumba, kuta za mawe, kutoka kigingi hiki mpaka kile. Nikasema haiwezekani, hapa ni mahali pa watoto. Akanyoosha kidole kwenye kibao, akasema hapa ni kwa D. Kobelo, na D. Kobelo ameshakubali. Yeye fundi ameambiwa hivyo na Jackson. Eti tulipeana mikono.

Nilimtafuta Jackson stendi, sokoni, kila mahali. Kijana ameyeyuka. Kinyozi anasema ni dalali, mji mzima unamjua. Kinyozi huyu angeweza kusema mapema!

Sikumwambia Yustina. Nimeshindwa pa kuanzia. Lakini mtaa mzima una macho, na kabla hatujalala Mwalimu Shadia alikuwa amefika mlangoni kwetu. Hakunikemea. Ameuliza swali moja tu: nilimwambia nini yule kijana? Nikamwambia. Yustina naye akasikia yote. Diana akauliza kesho watacheza wapi. Akaambiwa alale.

Hawakunisema. Afadhali wangenisema.

Jumamosi, 17 Agosti

Mambo ya leo nitayaandika yalivyokuwa.

Jua lilipotoka, Mwalimu Shadia na kina mama walikuwa wameshatandika mikeka kiwanjani. Watoto wote. Wengine wanaruka kamba juu ya kamba za mafundi. Wengine wamepanda juu ya mawe. Wanawake wa Mgeta waliokuwa wakishusha kabichi na karoti sokoni, walipoambiwa kinachoendelea, walitua mizigo wakakaa nao. Na Mwinshehe, sitaki kuandika hili lakini nitaliandika, Mwinshehe alifunga kibanda chake siku ya Jumamosi, akatoa vipaza sauti nje, akavuta waya kutoka kwake, akapiga muziki. Akasema asiyekuja kiwanjani leo asije kwake kesho.

Mimi nilisimama nyuma ya kibao. Kwa nyuma yake, ndiyo. Nilikuwa nafuatilia hali.

Lori likaja na mawe mengine, na nyuma yake gari dogo. Akashuka tajiri mwenyewe, mtu mnene, mtaratibu, anajifuta jasho. Dereva wa lori akachungulia, akazima injini, akasema yeye hamwagi mawe juu ya watoto wa watu. Tajiri akawauliza kina mama hii maana yake nini. Mwalimu Shadia akamjibu kwa adabu kwamba hapa ni pa watoto, karibu mkeka. Tajiri akasema yeye hagombani na wanawake, anamtaka mwenye kiwanja. D. Kobelo ni nani?

Muziki ukazimwa. Watu wote wakageukia kibao. Miguu yangu ilikuwa inaonekana kwa chini.

Nikatoka.

"Bwana Kobelo," akasema, "hiki kiwanja ni chako au si chako?"

Nani amewahi kuulizwa swali kama hilo mbele ya mtaa mzima? Tangu nitoke kiwandani hakuna mtu aliyeniita bwana. Jina langu lilikuwa pale limeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa kuliko la benki. Nikawaona wote: Mwinshehe, Mariamu, Yustina amekunja mikono. Na Diana juu ya rundo la mawe, amesimama kwa mguu mmoja, ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa kama kesho ipo.

Nikasema, "Si changu."

Haikusikika. Nikarudia.

"Si changu. Hakijawahi kuwa changu. Ni cha watoto hawa. Nilimdanganya Jackson, na Jackson akakudanganya wewe." Kisha nikaongeza kwamba hata hivyo kosa kubwa ni la mchoraji.

Tajiri alinitukana kidogo, akamtukana Jackson sana. Akasema hajengi ghala la kulindwa na bunduki, Dodoma viwanja ni vingi. Dereva akamuuliza mawe ya jana je. Akasema kuyapakia tena ni gharama, wakae nayo, wayale. Akapanda gari.

Nilidhani watu watanishangilia. Walishangilia, lakini walimshangilia dereva.

Jumapili, 18 Agosti

Baada ya misa nimekuta kibao changu hakipo. Kimelazwa juu ya jiwe kubwa katikati ya kiwanja, Diana upande huu, mtoto wa Mariamu upande ule, wanapanda na kushuka. Wamekalia jina langu! Diana amekalia KIWANJA, mwenzake amekalia BELO.

Nikadai maelezo. Mwalimu Shadia akasema ubao mzuri, ulikuwa umekaa bure. Mawe wanayapanga kando ya barabara yawe ukuta, mpira usitoke. Mwinshehe ametoa matairi ya gari lake bovu, yametundikwa kwa kamba kwenye mfenesi ulio pembeni ya kiwanja: bembea. Bati limerudi jikoni. Nani amepanga haya? Kikao gani? Muhtasari uko wapi?

Wanasema hawana mwenyekiti. Hawana! Wanafanya tu. Nchi haiwezi kwenda hivi.

Jumamosi, 24 Agosti

Wiki nzima sikukanyaga kule. Nimewasusia. Sina hakika kama wamegundua.

Leo Yustina ameniambia nisikae nikimtazama akichambua mchele, watoto wadogo bembea inawashinda, hawana wa kuwasukuma, niende. Nikasema mwenyekiti hasukumi bembea. Akasema vizuri, aende basi Dominiko.

Nikaenda, kwa dakika chache tu. Nikamsukuma Diana. Akapiga kelele nimpeleke juu zaidi, juu mpaka Uluguru. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Wakapanga foleni! Wakagombana nani anafuata! Wakawa wananiita Babu Bembea, na mimi si babu wa mtu. Nilisukuma mchana kutwa. Mikono imekufa ganzi. Mwinshehe akaniletea maji kwenye kikombe, akasimama, hakucheka. Sijui mara ya mwisho nilirudi nyumbani nimechoka vizuri namna hii ni lini. Diana amelala njiani, nimembeba mgongoni.

Nimefikiri sana nikiwa nimembeba. Bembea nchini ni nyingi. Wasukumaji waliobobea ni wachache. Na hakuna chombo chochote kinachowaunganisha! Hakuna mafunzo, hakuna vyeti, hakuna sare. Wafadhili hawajui hata kama pengo hilo lipo.

Jumatatu nasajili Chama cha Taifa cha Wasukuma Bembea. Makao makuu hapa, matawi kila mkoa. Kusukuma kwenyewe nitamwachia mtu mwingine, Mwenyekiti wa Taifa hatakuwa na nafasi. Kuna bwana mmoja nimekutana naye leo nikitoka kiwanjani, mgeni kabisa, mtu wa heshima, ana mkoba. Ameniambia hajawahi kusikia wazo kama hili. Kesho namtembeza mtaa mzima.